Kloridi ya dhahabu na kloridi ya paladiamu: ipi ununue kwa kazi yako hapa Nairobi

Mwezi huu pekee nimeulizwa swali lile lile na watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni fundi wa mchovyo kutoka Kariobangi Light Industries, anayetaka kuvisha nikeli vifuniko vya plastiki. Wa pili ni mwanafunzi wa uzamili anayetengeneza vipimo vya haraka, vile vya karatasi vinavyotoa mstari mwekundu. Kila mmoja alinionyesha bei aliyotumiwa kwenye simu, chupa ya gramu moja, na kila mmoja alikuwa amesukumiwa chupa ya mwenzake. Fundi aliambiwa anunue kloridi ya dhahabu kwa kuwa "ndiyo ya mchovyo". Mwanafunzi aliambiwa achukue ya paladiamu kwa kuwa bei yake ilikuwa chini, na yote ni madini ya thamani.

Inaniuma kuona mtu akipoteza karo ya mtoto kwa gramu moja ya unga ambao hataweza kuutumia. Kwa hiyo naziweka chupa hizi mbili mezani, bega kwa bega, kama ninavyozijua kwa miaka niliyozishika.

Ukizifungua

Kloridi ya paladiamu ni unga wa rangi ya kahawia iliyoiva, kama kutu. Ni mkavu, hauna haraka, hautaki makuu. Ukiuacha mezani dakika tano utaukuta ulivyokuwa. Kloridi ya dhahabu inayouzwa maabara, ambayo kwa kweli ni asidi yenye fomula HAuCl₄ pamoja na molekuli tatu za maji, ni fuwele za manjano zinazoelekea rangi ya chungwa, na hizo zina pupa. Hunyonya unyevu wa hewani. Ukiifungua chupa siku ya mvua za Aprili na kuiacha wazi huku ukitafuta kalamu, utarudi ukute fuwele zimelowa na kuanza kuwa uji wa manjano unaong'ang'ania ukuta wa chupa. Hapo mizani haikusaidii tena, kwa sababu unapima dhahabu na maji ya hewa kwa pamoja.

Ndiyo maana chupa ya gramu moja ya dhahabu siipimi kidogo kidogo. Naivunja muhuri, naisuuza yote kwa maji yaliyokenekwa mpaka ndani kubaki kweupe, kisha najaza hadi mililita 100. Napata myeyusho wa asilimia 1. Nautia kwenye chupa ya kioo cheusi na kuuweka kwenye friji, mbali na mwanga. Kuanzia hapo nafanya kazi kwa pipeti, si kwa mizani.

Usiguse fuwele hizo kwa kijiko cha chuma. Chuma huirudisha dhahabu kuwa metali papo hapo, na kijiko kinatoka na weusi ambao ni pesa yako. Tumia plastiki au kioo. Vidole navyo huwa vya zambarau kwa siku kadhaa, kwa sababu ngozi yenyewe inairudisha dhahabu kuwa chembe ndogo. Doa hilo halioshiki mpaka ngozi ibambuke yenyewe.

Kwenye maji, mambo yanageuka. Dhahabu huyeyuka kwa urahisi kabisa. Paladiamu inakataa. Nimeona watu wakikoroga unga ule wa kahawia kwenye maji matupu nusu saa nzima, halafu wakampigia muuzaji simu kwa hasira kwamba ameuza feki. Si feki. Kloridi ya paladiamu haiyeyuki kwenye maji peke yake. Inahitaji kloridi zaidi ya kuishika mkono. Kwa gramu moja ya unga, mimi natia mililita 2 hadi 3 za asidi ya haidrokloriki kali kwenye maji kidogo, nikiwa chini ya kabati la kuvuta hewa, napasha moto taratibu, na unga unaanza kuisha huku maji yakipata rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ndipo naongeza maji. Asiyetaka asidi anaweza kutumia chumvi safi ya sodiamu kloridi, takribani gramu 0.66 kwa gramu moja ya unga, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda kwa wanafunzi. Ukizidisha maji bila asidi wala chumvi ya kutosha, myeyusho utachafuka na kutoa mashapo ya kahawia, na utarudi ulikoanzia.

Hesabu ya metali iliyomo

Bei ya chupa haisemi kitu mpaka ujue ndani mna metali kiasi gani. Kloridi ya paladiamu isiyo na maji ina asilimia 60 ya paladiamu. Fuwele za dhahabu nilizozitaja zina asilimia 50 ya dhahabu. Gramu moja kwa gramu moja, basi, chupa ya kahawia inakupa metali zaidi.

Ugumu uko kwenye jina "kloridi ya dhahabu", ambalo hubandikwa kwenye vitu vitatu tofauti. Kuna fuwele hizo za asilimia 50. Kuna kloridi kavu, AuCl₃, nyekundu, yenye karibu asilimia 65. Na kuna chumvi ya sodiamu, yenye kama asilimia 49.5. Mbali na hizo kuna chupa za maji tayari, na hapo ndipo mimi mwenyewe nililizwa. Miaka iliyopita niliagiza kwa muuzaji mmoja wa hapa mjini, lebo ikasema "gold chloride, 1 g", nikalipa. Kilichofika ni kichupa cha maji ya manjano ambacho ndani yake, kwa hesabu ya kiwango kilichoandikwa kwa herufi za sisimizi, hakikufika hata robo ya gramu. Tangu siku hiyo siagizi kwa jina. Naandika fomula, namba ya CAS (ile ya kimataifa ya kutambulisha kila kemikali) na asilimia ya metali, na naomba cheti cha uchambuzi cha toleo husika kabla ya kutuma pesa. Nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Kuhusu bei zenyewe, usikariri. Kwa muda mrefu kati ya 2019 na 2022 wakia ya paladiamu ilikuwa ghali kuliko ya dhahabu, na Machi 2022 ilipita dola 3,000. Waliokuwa wakiihitaji zaidi ni watengenezaji wa magari ya petroli, wanaoiweka kwenye kifaa cha kusafisha moshi, na sehemu kubwa ya paladiamu ya dunia inachimbwa Urusi na Afrika Kusini, kwa hiyo vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza soko likashtuka. Baadaye ikaporomoka na dhahabu ikapaa. Aliyekuambia mwaka ule kwamba paladiamu ndiyo ghali hakukudanganya, ila maneno yake yamechacha. Uliza bei wiki unayonunua.

Zote mbili huingia nchini chini ya kichwa cha forodha 2843, kile cha misombo ya madini ya thamani. Mpe wakala wako namba hiyo mapema. Akiandika "kemikali za maabara" tu, mzigo utakaa uwanja wa ndege ukisubiri maswali.

Kwa fundi wa mchovyo

Nilimwambia fundi wa Kariobangi hivi: kwa plastiki, nunua paladiamu, na wala usiwaze mara mbili.

Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo huwezi kuitundika kwenye beseni la umeme kama bomba la shaba. Unahitaji nikeli ijishike yenyewe, kwa kemia peke yake, na nikeli inahitaji mahali pa kuanzia. Kwanza plastiki inakwaruzwa kwa kemikali ili iwe na vishimo vidogo. Kisha inatumbukizwa kwenye kloridi ya bati, kwa kawaida gramu 10 kwa lita pamoja na asidi, na bati linabaki juu yake kama utando usioonekana. Inasuuzwa. Halafu inaingia kwenye myeyusho wa paladiamu. Hapo bati linatoa elektroni zake, na paladiamu inatua juu ya plastiki ikiwa metali, vidoa vidogo vidogo mno. Ukitazama kwa karibu unaona plastiki nyeupe imepata kivuli chepesi cha kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Basi. Kivuli kile ndicho ulicholipia. Kikiingia kwenye beseni la nikeli lenye haipofosfiti, kemikali inayoipa nikeli elektroni, kila kidoa kinaanzisha kazi, viputo vya hidrojeni vinaanza kupanda, na baada ya hapo nikeli inajiendeleza juu ya nikeli. Kwa kazi hiyo ya kuanzisha, inayotumika kwa kawaida ni paladiamu, si dhahabu.

Tena paladiamu inayotumika ni ndogo. Beseni la kawaida huwa na kama gramu 0.25 za kloridi kwa lita, kwa hiyo chupa ya gramu moja inatoa lita nne, na lita nne ni vifuniko vingi. Kinachoiua ni uchafu: vipande visivyosuuzwa vizuri hubeba bati hadi ndani ya paladiamu, na beseni zima linageuka jeusi. Suuza mara mbili, si mara moja.

Jambo linalonitia hofu kwenye karakana hizi ni lile la kwanza, kukwaruza plastiki. Wengi hutumia asidi ya kromiki pamoja na ya salfuriki. Kromiamu ya namna hiyo husababisha saratani, na nimewahi kuona ikimwagwa mtaroni huku watoto wakipita. Mtu anailinda chupa ya paladiamu kwa kufuli na kuiacha ndoo ya kromiki wazi mlangoni. Ikiwa huna hewa ya kutosha, glavu za kweli na mahali halali pa kupeleka maji hayo chini ya kanuni za taka za NEMA, mamlaka ya mazingira, bado hujawa tayari kwa kazi ya plastiki, hata ukiwa na paladiamu ya kutosha.

Na kama vipande vyako ni vya shaba au chuma, huhitaji chupa yoyote kati ya hizi. Mchovyo wa umeme unatosha. Fundi alipotaja kwamba nusu ya oda zake ni mabomba ya shaba, tulikata nusu ya makadirio hapo hapo. Sonara anayetaka kuchovya pete kwa dhahabu naye asikimbilie kloridi hii. Mabeseni yao hutengenezwa kwa chumvi nyingine za dhahabu, na mengi yana sianidi, ambayo haitakiwi kukutana na asidi kamwe.

Kwa mwenye vipimo vya haraka

Hapa dhahabu haina mpinzani. Ule mstari mwekundu unaouona kwenye kipimo cha malaria au cha mimba, pale zahanati ya mtaani kwako, mara nyingi ni dhahabu. Chembe zake zikiwa ndogo kiasi cha nanomita chache au makumi, hula mwanga wa kijani na kutuachia wekundu. Michael Faraday alizitengeneza London na kuziandika mwaka 1857. Paladiamu ikigeuzwa chembe za ukubwa huo inatoa maji ya kahawia na kijivu, na mstari wa kijivu juu ya karatasi nyeupe hakuna muuguzi atakayeuamini.

Njia tunayoitumia wengi ni ya mwanakemia Turkevich ya 1951, iliyopanuliwa na Frens mwaka 1973. Chukua mililita 1 ya ule myeyusho wa asilimia 1, itie kwenye maji safi mililita 99, chemsha. Mimina kwa mkupuo sitrati ya sodiamu ya asilimia 1. Ukitia mililita 2 utapata chembe za karibu nanomita 16. Ukitia 1 utakaribia 40, na hizo za 40 ndizo zinazopendwa kwenye vipimo. Kisha kaa utazame, maana ni moja ya mambo mazuri yaliyomo kwenye kazi hii. Manjano inafifia mpaka unafikiri umeharibu. Maji yanakuwa meupe. Kinaingia kijivu, kinageuka bluu ya moshi, kisha zambarau, na ndani ya dakika chache chupa nzima imekuwa damu ya mzee, safi, unaweza kusoma gazeti upande wa pili.

Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mwanafunzi aliyefuata maelekezo ya nyuzi 100 alikaa akisubiri kipimajoto kifike huko huku maji yakipungua na kiwango chake kikiharibika. Usisubiri. Yakianza kutokota, endelea. Vyombo vyako viwe vimeoshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrokloriki, chini ya kabati la hewa, kwa sababu chembe moja ya uchafu inatosha kukugeuzia kazi kuwa bluu. Kujaribu kama zimetulia, toa mililita moja pembeni na uidondoshee maji ya chumvi: zisipokuwa zimetulia zitaganda pamoja na wekundu utahamia bluu mbele ya macho yako.

Kwa hesabu hiyo gramu moja ya fuwele inatengeneza kama lita 10. Mwanafunzi wangu alihitaji lita moja kwa mradi mzima. Nilimshauri wagawane chupa na wenzake wawili wa maabara moja, kila mtu achukue mililita zake za ule myeyusho wa asilimia 1.

Kwa wanaotengeneza molekuli

Kwa kemia ogani, ile ya misombo ya kaboni, na dawa, paladiamu tena. Nobel ya kemia ya 2010 ilikwenda kwa Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki kwa kazi ya kuunganisha kaboni kwa kaboni kwa kutumia paladiamu, na njia hizo sasa ni chakula cha kila siku. Kwa jaribio la milimoli 10 na kichocheo cha asilimia 1 unahitaji miligramu 18 tu za kloridi. Lakini soma utaratibu wako mpaka mwisho kabla ya kuagiza. Mara nyingi wanataka asetati ya paladiamu, inayoyeyuka vizuri zaidi kwenye viyeyushi vya mafuta, au kloridi iliyokwisha kufungwa na fosfini. Ukiwa na kloridi tupu unaweza kujitengenezea, ila utahitaji wiki moja zaidi na mkono mzuri.

Kuna waliosikia kwamba karatasi ya kloridi ya paladiamu hugundua sumu ya moshi wa makaa. Ni kweli kabisa: kaboni monoksidi huirudisha paladiamu kuwa metali nyeusi, na karatasi inaingia giza. Julai inapofika na watu wanaingiza jiko la makaa kwenye chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa, najua kwa nini mtu anaweza kuwaza hivyo. Tafadhali usilinde familia yako kwa karatasi hiyo. Haipigi kelele, mtu aliyelala haioni, na gesi nyingine kama hidrojeni salfidi huitia weusi pia. Toa jiko nje kabla ya kulala, na kama una uwezo nunua king'ora cha kaboni monoksidi.

Wapiga picha wanaochapa kwa mkono nitawajibu kwa kifupi: paladiamu inatengeneza picha yenyewe, kwa karatasi iliyopakwa oksalati ya chuma na kuanikwa juani, na jua letu la mchana linatosha. Dhahabu ni ya kuipa rangi na uhai picha iliyokwisha kuchapwa. Anayeanza aanze na dhahabu, maana matone machache yanatosha na kosa halimfilisi.

Binamu wawili ambao watu huwachanganya humo: kloridi ya fedha haiyeyuki kwenye maji, na anayeiuliza karibu kila mara anataka nitrati ya fedha. Kloridi za platinamu nazo, nakusihi, usiziguse kwa kubahatisha. Vumbi lake huwapa watu pumu ya kazini, na aliyekwisha kuipata huibeba. Hata chembe ndogo mno inamrudishia kifua. Fuwele zake zinazouzwa kwa kawaida zina kama asilimia 38 tu ya platinamu, na kazi zake nyingi hapa mjini, kama kufufua elektrodi za kupima chumvi ya maji, unaweza kumwachia mtengenezaji wa kifaa.

Mabaki

Kabla ya kununua, weka chupa mbili za plastiki zenye midomo mipana, moja ya mabaki ya dhahabu na moja ya paladiamu, na uziandike kwa wino usiofutika. Dhahabu hurudi kwa metabisalfaiti ya sodiamu, unga wa kahawia unaoshuka chini kama kahawa, mahali penye hewa kwa sababu gesi yake inachoma pua. Usitie amonia kwenye chupa hiyo, hata tone, hata kwa kusafishia. Dhahabu na amonia hutoa kitu kinacholipuka kikikauka, na hakibishi hodi. Paladiamu hushuka kwa unga wa zinki, nyeusi. Iache na maji yake, kwa kuwa ikikauka na kukutana na mvuke wa spiriti inaweza kuwaka.

Dhahabu iliyokusanyika ina wanunuzi wenye leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Paladiamu ni vigumu zaidi kumpata mtu wa kuipima kwa haki, kwa hiyo mimi naiyeyusha upya kwa asidi na kuirudisha kazini. Fundi wa Kariobangi ameshalikubali wazo hilo: jana alinitumia picha ya chupa yake ya mabaki, tupu bado, imeandikwa PALADIAMU kwa herufi kubwa nyekundu, iko rafu ya juu kabisa mbali na ndoo ya kromiki, ambayo safari hii ina kifuniko.